Taib Aliyechezeshwa Kila Namba

Katika timu ya Lulu, pale Dubai, kila mchezaji alikuwa na glavu moja, au mbili kwa yule apendaye kujionyesha. Taib wa Kisauni alikuwa nazo nne. Moja nene kama godoro la mtoto, ya kudakia nyuma ya mpigaji. Moja ndefu kama ulimi wa ng'ombe, ya kituo cha kwanza. Moja pana, ya kukimbizia mipira ya mbali huko majani yanakoishia. Na moja ndogo, aliyoilainisha kwa mafuta ya nazi miaka na miaka, ambayo ilikaa chini kabisa ya begi na kutolewa mara chache kuliko zote.

Besiboli si mchezo wa kumtia mtu hofu. Watu tisa wanasimama uwanjani. Mmoja wao anarusha mpira, mtu wa upande wa pili anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi pale alipoanzia. Wale tisa kazi yao ni kumzuia asirudi. Kila mmoja ana namba yake na mahali pake pa kusimama, na mtu akizoea mahali pake panakuwa kama ua wa nyumba yake, anajua wapi pana shimo na wapi udongo umelala.

Taib alicheza namba zote tisa. Leo mdakaji kavunjika kidole, aingie Taib. Kesho wa kituo cha tatu ana homa, Taib. Kuna siku warushaji walichoka mpaka mikono ikawa inaning'inia kama kanzu kwenye kamba, akasukumwa yeye, akarusha, na wala hakuaibisha mtu. Wakenya walinzi na wafagiaji, waliokuwa wakikaa jukwaa la bure, wakampa jina la Kiraka, kama waitwavyo kwao wachezaji wa mpira wa miguu wawezao kuwekwa popote.

"Kiraka!" alikuwa akipiga kelele Dancan, mlinzi wa lango, mtu wa Machakos. "Leo umewekwa wapi, ama umekuja kuuza chai?"

"Chai ikikosa mtu nitauza pia," Taib alimjibu, na Dancan akacheka mpaka kofia ikamtoka.

Jina lilikuwa la sifa, mtu asibishe. Lakini sifa nyingine humfaa anayezitoa kuliko anayepewa.

Taib alikuwa na namba yake. Alipewa Mombasa, shule ya upili, na mwalimu wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu na akaja na sanduku la glavu kuukuu. Mwalimu Hayashi alikuwa mfupi, hana maneno. Siku ya kwanza alimtazama Taib akikimbia, akamshika mabega, akamsimamisha kati ya kituo cha pili na cha tatu, akachora duara mchangani kwa kisigino. "Hapa," akasema. Kiswahili chake chote siku zile kilikuwa hicho na "asante". Hapo ndipo namba sita. Namba sita hapewi goigoi. Mpira unakuja chini chini, unakata majani, na ukingoja uuone umeshakupita. Lazima uanze kwenda kabla gongo halijaugusa. Tena yeye ndiye mwenye sauti, anayewaambia wenziwe njoo huku, rudi kule. Taib, ambaye nyumbani alikuwa wa katikati katika watoto wengi na hakuna aliyemsikiliza, alisikilizwa akiwa kwenye duara lile.

Mwalimu alirudi kwao, mchezo ukafa, kiwanja wakajenga maduka. Taib akaja Dubai kama walivyokuja wengine, akashika rukwama pale Al Ras kwa mfanyabiashara wa viungo aitwaye Hazim, akisukuma magunia ya iliki na ndimu kavu kwenye vichochoro vya soko mpaka nguo zake hata akizifua zinanuka pilau. Ndipo matajiri fulani walipoamua kuleta besiboli ya kulipwa jangwani. Wakatandika majani juu ya mchanga, wakaweka taa, wakaita wachezaji kutoka nchi hii na ile. Taib akaenda kwenye majaribio na viatu vya kuazima. Wakamchukua.

Hapo sasa ndipo alipokosea.

Kwao Kisauni mtu hulelewa hivi. Ukifika nyumba ya watu ukakaribishwa chakula, unasema nimeshiba. Ukikaribishwa tena, unasema wallahi nimeshiba. Ya tatu ndiyo unanawa mikono. Anayekubali mara ya kwanza, akiondoka tu watu wataambiana njaa ndiyo iliyomleta. Na ukiulizwa unataka kipande gani cha samaki, jibu ni chochote tu. Mwenye nyumba akikataa kukuelewa, akakubana useme, hapo ndipo unaonyesha kwa kidole, tena kwa haya.

Kocha Andrew, Mmarekani mwenye shingo nyekundu na moyo safi, alimwita Taib siku ya kwanza akamuuliza, "Wewe unacheza wapi?"

Taib alikuwa na namba sita ulimini kama kipande cha halua. Akasema, "Popote mtakaponiweka, kocha."

Akangoja aulizwe tena.

Kocha akampiga bega. "Watu kama wewe ndio ninaowataka," akasema, akaenda zake kumuuliza mwingine. Na yule mwingine, kijana mmoja aitwaye Adib, aliyekulia Al Warqa kwenye nyumba kubwa na kusomea besiboli ng'ambo, akajibu palepale bila kumeza mate: namba sita.

Khalas, ikaishia hapo. Taib alingoja mara ya pili mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mwingine. Kila majira ya baridi Hazim alimpa ruhusa, naye akaenda kuziba matundu ya watu. Kila majira ya joto alirudi kwenye rukwama.

Watu wa nje wanadhani mtu wa kila mahali ana rafiki kila mahali. Si kweli hata kidogo. Warushaji walikuwa na meza yao ya chakula na utani wao. Wadakaji wawili wanakula pamoja wakioneshana vidole vilivyopinda. Wale wa ndani, wasimamao karibu na vituo, meza moja, wale wa majani ya mbali meza moja. Taib akibeba sahani yake akakaa na wadakaji, mmoja atainua kichwa aulize, "Nani kaumia?" Akihamia kwa wale wa mbali, mtu anajishika goti, anatazama kama limevimba. Hawakumchukia. Ila walipomuona anakaribia walijua kuna mmoja wao hatacheza, na mtu hapendi kula na habari ya namna hiyo mbele yake. Mwishowe akawa anakula mwisho, peke yake, karibu na dirisha, na wapishi wakidhani ndivyo apendavyo wakawa wanamwekea.

Alipanga chumba cha uani Rashidiya kwa Bi Ummulkheir, mjane wa asili ya Unguja aliyeletwa Dubai akiwa mtoto wa kubebwa na hajaacha Kiunguja chake mpaka leo. Wanawe wamehamia kwenye majumba mapya, wanakuja Ijumaa wakitazama saa. Kila Taib akifungua lango, sauti ilitoka jikoni.

"Weye Taib, njoo ule."

"Nimekula, Bi Ummu."

"Umekula nini, vumbi? Njoo."

"Wallahi nimekula."

"Haya, namwagia paka."

"Nakuja, nakuja."

Wakala mkate wa kumimina, au wali na mchuzi wa papa, hawasemi sana. Ndege zikipita juu kwenda kutua, madirisha yakitetemeka, Bi Ummulkheir alinyamaza mpaka zipite, kisha akaendelea na neno lilelile alilolikatiza. Taib alimpenda kwa hilo.

Mama yake, Mwanamkasi, alikuwa akipiga simu kutoka Kisauni. Mchezo hakuujua, lakini alijua kuwa mchezaji ana namba.

"Wacheza namba ngapi siku hizi?"

"Zote, mama."

"Zote! Mwenye zote ana gani?" Kisha, "Nabil mwana wa shangazi yako aniuliza kila siku. Nimwambie nini?"

"Mwambie nacheza."

"Hilo nishamwambia, mwanangu. Hakuamini."

Baridi ya mwaka wa tano ilipofika mwisho, ikabaki mechi moja tu, habari zikazagaa: Adib amepata timu ng'ambo, ameondoka, hata mechi ya mwisho hachezi. Namba sita iko tupu. Na mwaka ujao iko tupu.

Taib hakulala vizuri. Umri ulikuwa unakwenda. Goti la kushoto lilikuwa linalia akichuchumaa kudaka, na kwenye namba sita mguu ukichelewa kidogo tu basi. Ama sasa, ama asiipate tena mpaka anaingia kaburini, na huko kwao waseme alikuwa mchezaji wa Dubai asiyejulikana alicheza wapi.

Asubuhi akamwambia Bi Ummulkheir. Alikuwa akichagua mchele kwenye sinia, hakuinua macho.

"Umemwambia huyo Mzungu wako?"

"Hajaniuliza."

"Hajakuuliza tangu lini?"

"Aliniuliza nilipokuja. Nikasema popote."

Bi Ummulkheir akaweka sinia chini. "Popote! Ukasema popote, ukangoja akubembeleze?"

"Ndivyo tulivyolelewa, Bi Ummu."

"Tulilelewa hivyo kwa watu waliolelewa hivyo! Yule kakuuliza unataka nini, ukamwambia hutaki kitu, akakushukuru. Kosa lake liko wapi? Mie mume wangu kazini kwake, tajiri wake Mwingereza, alimuuliza unataka likizo, akasema hapana, mie nafanya kazi tu. Akafanya kazi tu. Mpaka amekufa." Akalichukua tena sinia. "Nenda kaseme. Na usianze kukohoa kohoa mlangoni kama mposaji."

Akaenda. Chumba cha kocha kilikuwa kando ya vyumba vya kubadilishia nguo, kinanuka dawa ya misuli. Kocha Andrew akafurahi kumuona.

"Taib! Kila kitu sawa? Unahitaji chochote?"

Na Taib, baada ya yote hayo, mdomo wake mwenyewe ukasema, "Hapana kocha, sawa tu."

"Safi," akasema kocha, akageukia karatasi zake.

Taib akafika mlangoni. Akashika kitasa. Maneno ya Bi Ummulkheir ya asubuhi yakamrudia mwilini kama joto, akageuka. Akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni, kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko chumba, "Nataka namba sita."

Kocha akamtazama kama mtu aliyesikia kabati linasema. "Namba sita?"

"Ndiyo yangu. Tangu shule. Tangu siku ya kwanza nilipokuja hapa."

"Hujawahi kusema."

"Hukuniuliza tena."

Kocha akaanza kucheka, akaona Taib hacheki, akaacha. Akajikuna shingo. "Mimi nilidhani unapenda. Kila mchezaji mpya nikimpokea namwambia habari zako. Nawaambia, mtazameni Taib, halalamiki." Akaziweka karatasi zake kando. "Haya. Jumamosi utasimama sita. Mechi nzima, sikugusi. Nikuone. Ukinipa mchezo mzuri, mwakani ni yako, na sitatafuta mtu."

Jumamosi hiyo Taib aliswali alasiri mapema, akaitoa ile glavu ndogo, akaingia uwanjani moja kwa moja mpaka kati ya kituo cha pili na cha tatu. Hakutazama benchi kuona kama ataitwa kwingine. Dancan akapiga kelele, "Kiraka, umepotea njia?" Wafagiaji wakacheka. Taib akavaa glavu.

Na alicheza. Asiyekuwepo asiseme kwamba hakucheza. Mpira wa kwanza ulikuja kulia kwake, chini, mkali, akapiga goti mchangani akaunyakua na kuurusha kabla vumbi halijakaa. Mwingine ukaruka vibaya ukamwelekea shingoni, akaukamata kwa mkono mtupu. Akawapigia kelele wenziwe, njoo, rudi, na wao wakaja na wakarudi. Kuna wakati aliinama, mikono magotini, akingoja mpira, akahisi yuko mahali ambapo mtu hawezi kuja kumwambia toka. Tangu ashuke uwanja wa ndege hakuwahi kuhisi hivyo, hata kitandani kwake.

Zamu ya mwisho ilifika Lulu wakiongoza kwa moja tu. Wapinzani wakawa na watu wawili juu ya vituo, mmoja wa tatu, mmoja wa kwanza. Huyu wa kwanza ilijulikana atakimbia kwenda cha pili mpira ukirushwa tu, kwa hiyo lazima mtu mmoja akimbilie kituo cha pili kumngoja. Mmoja tu. Ama Taib, ama Yaarub wa namba nne aliyesimama upande wa pili wa kituo. Wenye kazi hiyo hupatana kwa ishara, glavu imefunika mdomo ili adui asione. Mdomo ukifungwa ni mimi, ukiachwa wazi ni wewe. Yaarub alifunga mdomo. Mimi. Taib akaona, akaitikia kwa kichwa. Yeye abaki pake. Kazi yake ilikuwa kusimama tu.

Mpira ukarushwa. Mkimbiaji akachomoka. Yaarub akaanza kwenda, mguu wake ukateleza kwenye majani yenye umande, akayumba. Hakuanguka, aliyumba tu, akajiweka sawa na kuendelea. Lakini Taib alishaona pengo. Na mtu aliyeishi kwa kuziba mapengo haulizi mguu wake, mguu ulishakwenda. Akakimbilia kituo cha pili. Akafika, na Yaarub akafika, wakatazamana juu ya kituo kimoja watu wawili.

Nyuma yao likasikika gongo. Mpira ulikwenda taratibu, wala haukuwa wa nguvu, ukabingirika kwenye udongo pale Taib alipokuwa amesimama jioni yote. Mtoto angeudaka. Ukapita. Ukaenda mpaka majani ya mbali, na wakimbiaji wote wawili wakarudi walipoanzia mmoja nyuma ya mwenzake, wakishangiliwa, na Lulu wakawa wameshindwa.

Hakuna aliyemtukana. Yaarub alimwambia, "Kosa langu, nimeteleza," na hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

Kocha Andrew alimngoja mpaka wote wameondoka. Akaketi naye kwenye benchi, wote wawili wakitazama mbele.

"Umecheza vizuri," akasema. "Karibu mpaka mwisho."

"Niliona Yaarub anaanguka."

"Hakuanguka."

"Naam."

"Ndiyo maana nakutaka, Taib. Hakuna anayeona tundu kama wewe. Lakini namba sita lazima awaachie wengine matundu yao." Akashusha pumzi. "Mwakani nitatafuta mtu wa sita. Wewe rudi kama zamani. Popote. Timu hii bila wewe haitembei, nakwambia kweli. Utarudi?"

Taib alizitazama taa zikizimwa upande wa pili. Aliyajua maisha yale, yakoje asubuhi na yakoje jioni. Angesema ndiyo, angekuwa na kazi. Angesema ngoja nifikirie, kocha angempigia simu mara mbili tatu, maana alimhitaji.

"Hapana," akasema.

"Una hakika?"

Basi, aliulizwa tena. Baada ya miaka yote, siku hiyo ndiyo aliyoulizwa mara ya pili.

"Nina hakika, kocha. Sita, au basi."

"Basi," akasema kocha kwa sauti ndogo, akampa mkono.

Bi Ummulkheir alipopata habari aligombeza wiki nzima, kwanza Mzungu, halafu Yaarub na miguu yake, halafu Taib mwenyewe. "Nilikwambia ukaombe, sikukwambia ukasuse!" Taib alikula akimsikiliza. Mama yake alipopiga simu na kuuliza namba, Taib alimwambia ukweli wote. "Sita," akasema Mwanamkasi. "Haya. Nitamwambia Nabil sita."

Sasa Taib yuko Al Ras siku zote, baridi na joto. Hazim amempa funguo za ghala. Wale wa Lulu wana mtu mpya, inasemekana mzuri, na Taib hajaenda kumtazama. Jumapili hupanda basi mpaka Al Warqa, kuna kiwanja cha mchanga ambapo madereva wa Kisri Lanka na wapishi wa Kifilipino hucheza besiboli ya kubahatisha, wengine na glavu, wengine bila. Mara ya kwanza alipofika, mpishi mmoja alimuuliza kwa ishara, unasimama wapi?

Taib hakumngoja amalize. Akaenda, akasimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, akainama, mikono magotini.

Wale hawajui kupiga sana. Mipira yao mingi inakwenda upande wa kulia, kwenye uzio, wanaifuata wakicheka na kuitana kwa lugha zao. Namba sita hupitiwa na mpira mara moja, pengine hakuna kabisa mpaka jua linashuka. Wamemwita mara nyingi aje upande ule kwenye mchezo, wanampungia mikono, njoo, huku ndiko kuna kazi, huko uko peke yako. Naye anawapungia mkono kwa adabu, na haendi.